Mkutano Ulikatika Wapi? Tulivyotafuta Kosa Katika Waya Wetu Wenyewe



Mwezi wa Septemba mwaka 2024 sisi wa tawi la wafanyakazi wa miwa, huku Busoga, mashariki mwa Uganda, tulifanya mkutano wa kutangaza mkataba mpya wa mishahara. Mkutano ulikuwa katika bwalo la kiwanda. Wakata miwa wa kambi tatu za mbali hawakuweza kufika, kwa kuwa matrekta yote yalikuwa kazini. Basi tulipatana kwamba mkutano urushwe moja kwa moja kwa njia ya intaneti, nao wautazame ukutani, kila kambi katika darasa la shule yake. Tulinunua kamera, tukaazima kompyuta, na kwa kuogopa kwamba intaneti ya hewani ingetuangusha, tukaunganisha kompyuta kwa waya mpaka kwenye ruta iliyo ofisini. Tuliamini kwamba mwenye waya hana wasiwasi.

Katibu alipofika kwenye jambo lenyewe alisema: "Nyongeza kwa mwezi ni shilingi elfu kumi na nane." Bwaloni watu walipiga makofi. Kambini walisikia "elfu kumi", picha ikaganda, uso wa katibu ukabaki na mdomo wazi, na iliporudi walikuta watu wanashangilia. Kufikia jioni habari iliyozunguka kambini ilikuwa hii: wa kiwandani wamepewa kumi na nane, wakata miwa wamepewa kumi, na chama kiliwakatia matangazo makusudi ili wasisikie. Asubuhi yake kambi mbili hazikuingia shambani mpaka saa sita mchana. Wanachama wawili walirudisha kadi zao.

Matawi ya jirani yameanza nayo kurusha mikutano yao, na yametuuliza mara nyingi yaliyotupata. Tunaeleza hapa bila kuficha, pamoja na kosa letu wenyewe.

Kwanza tuseme ni kitu gani kilichopotea, maana nasi tulikuwa hatukijui. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wengine hatukufika huko. Video si kitu kimoja kinachotiririka kama maji. Ni picha tuli nyingi zinazofuatana upesi, kwa kawaida 30 kwa kila sekunde, na kila moja huitwa fremu. Kompyuta huzibana fremu hizo ziwe ndogo, kisha huzituma kwa waya hadi kwenye ruta, kutoka hapo hadi kwa kampuni ya intaneti, hadi kwenye mtambo unaozigawa kwa watazamaji.

Aliyefanya kazi katika uwanja wa miwa ataelewa mara moja. Trela zinaingia moja baada ya nyingine. Mizani ikizipitisha kwa mwendo ule ule zinaoingia nao, hakuna foleni. Mizani ikikwama, foleni inarefuka mpaka barabarani, na sote tunajua kwamba miwa iliyokatwa haingoji; kila siku inayokaa inapoteza sukari. Fremu nayo haingoji, tena yake ni ya sekunde, si ya siku. Fremu ya mkutano unaoendelea sasa ikichelewa mno haina kazi tena, kwa hiyo programu huitupa ili zinazofuata zipate njia. Hiyo ndiyo fremu iliyotupwa. Programu tunayoitumia ni OBS Studio, ambayo haiuzwi, na desturi yake ni kutupa picha na kujitahidi kuiokoa sauti. Ndiyo maana mara nyingi mtu anaonekana ameganda huku anasikika akisema. Lakini njia ikiziba kabisa muunganisho wote hukatika, programu huanza kuunganisha upya, na maneno yaliyosemwa katika nafasi hiyo hayamfikii mtu. Ile "na nane" yetu ilipotelea hapo.

Baada ya mkutano kila mmoja alikuwa na mtu wa kumlaumu. Wengine walisema kompyuta ni kuukuu. Wengine walisema kampuni ya intaneti inatuibia. Halmashauri ya tawi ilichukua njia iliyo rahisi kuliko zote, yaani ilitoa fedha. Tulilipia intaneti kubwa zaidi, karibu mara mbili ya ile ya kwanza, kwa fedha za ada za wanachama. Jumapili iliyofuata tulifanya jaribio la saa nzima na haikutupwa hata fremu moja. Tulipeana mikono.

Jumatano tukarusha mkutano wa kamati ya wanawake. Dakika ya tano alama ya kijani iliyo chini ya dirisha la programu ikageuka njano, kisha nyekundu. Tukarudi pale pale.

Aliyetutoa gizani ni binti karani wa mizani, ambaye ndiye mwendeshaji wa kompyuta ya tawi. Alisema, "Wazee, kabla ya kununua kitu kingine, tusome kompyuta inasema nini." Akafungua dirisha la takwimu la ile programu. Tulishangaa kuona kwamba ndani yake kuna hesabu tatu, wala si moja, nasi siku zote tulikuwa tukizichanganya. Ya kwanza ni fremu ambazo kompyuta ilishindwa kuzichora. Ya pili ni fremu zilizorukwa kwa sababu prosesa ilichelewa kuzibana. Ya tatu ni fremu zilizotupwa kwa sababu ya mtandao. Mbili za kwanza ni ugonjwa wa kompyuta yenyewe: imechoka, imepata joto, au imefunguliwa programu nyingi. Ya tatu ni ugonjwa wa njia. Kwetu zile mbili zilikuwa sifuri na ya tatu ilikuwa inapanda. Basi wale waliotaka tununue kompyuta mpya walinyamaza, na fedha hizo zilipona.

Kisha akauliza swali ambalo lingetakiwa kuulizwa tangu mwanzo. "Jumapili kulikuwa na tofauti gani na Jumatano?"

Jumapili ile kinu kilikuwa kimesimamishwa ili kisafishwe. Jumatano mashine zote zilikuwa zinazunguka.

Tuliligawa lile swali vipande viwili. Kuna safari ya kutoka kompyuta hadi ruta, ambayo iko ndani ya kiwanda na ni yetu. Kuna safari ya kutoka ruta kwenda nje, ambayo ni ya kampuni ya intaneti. Ipo amri ndogo katika kila kompyuta, inaitwa ping, ambayo hutuma vifurushi vidogo kwa mashine nyingine na kungoja virudi, kama mtu anayebisha hodi na kungoja kuitikiwa. Tulibisha hodi kwa ruta yetu mara 100 mashine zikiwa kazini. Mara 7 hatukuitikiwa. Katika waya wa ndani, wa mita chache, jibu linatakiwa lirudi kwa muda usiofika hata sehemu ya elfu ya sekunde mbili, na lisipotee hata moja. Tukaibeba kompyuta mpaka ofisini tukaiunganisha na ruta kwa waya mfupi wa mita mbili. Mia zilikwenda, mia zikarudi.

Kwa hiyo kampuni ya intaneti haikuwa na kosa. Ubovu ulikuwa kati ya bwalo na ofisi, katika waya uliotandazwa na sisi wenyewe mwaka 2023. Mmoja wetu tunaoandika makala haya ndiye aliyeubania vichwa kwa mkono wake, tena kwa fahari. Tulikuwa tumeupima kwa kile kifaa chenye taa nane, taa zote zikawaka kwa zamu, na tukaandika katika kitabu kwamba waya ni mzima.

Tulimwita fundi umeme wa zamu ya usiku, mwanachama wa siku nyingi. Alikishika kile kichwa cha plastiki, akakitazama kwenye mwanga, akacheka kidogo.

"Katibu, nani alikufundisha kuzipanga hivi?"

"Nimezipanga kwa jozi zake, mzee. Chungwa na chungwa, kijani na kijani, buluu na buluu, kahawia na kahawia."

"Kwa macho umezipanga vizuri. Kwa umeme umezitenganisha."

Hapa tunaomba msomaji awe mvumilivu, kwa sababu kosa hili ni la wengi na halionekani. Ndani ya waya wa mtandao mna nyaya ndogo nane, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Hazikusokotwa kwa urembo. Waya wowote unaopita karibu na umeme mkubwa hudaka kelele ya umeme huo. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja hudaka kelele iliyo sawa, na mashine inayopokea husoma tofauti iliyopo kati ya hizo mbili. Kilicho sawa pande zote hufutika, ujumbe ukabaki. Lakini katika kichwa cha waya nafasi hazikupangwa kama mtu anavyofikiri. Nafasi ya 1 na ya 2 ni jozi. Ya 4 na ya 5 ni jozi. Ya 7 na ya 8 ni jozi. Jozi ya nne ni nafasi ya 3 na ya 6, zilizoruka mbili za katikati. Ukizipanga rangi mbili mbili kwa mfuatano, kama tulivyofanya, nafasi ya 3 inapata waya wa jozi ya kijani na nafasi ya 6 inapata waya wa jozi ya buluu. Ujumbe mmoja unabebwa na nyaya mbili zisizosokotwa pamoja, na kelele inaingia bila kizuizi. Kile kifaa cha taa nane hakiwezi kuliona kosa hilo, kwa sababu kinauliza tu kama waya wa nafasi ya 3 huku umefika nafasi ya 3 kule. Umefika. Taa inawaka.

Mpango ulio sahihi, na ambao tumeuchora ukutani ofisini, ni huu, kuanzia nafasi ya kwanza: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, buluu, nyeupe yenye mstari wa buluu, kijani, nyeupe yenye mstari wa kahawia, kahawia. Ncha zote mbili zipangwe vivyo hivyo. Na msokoto usifunguliwe zaidi ya sentimita moja hivi kabla ya kuingia kwenye kichwa. Sisi tulikuwa tumefungua kama urefu wa kidole kizima, ili kurahisisha kazi.

Fundi hakuishia hapo. Aliufuata waya kwa tochi. Kutoka bwaloni hadi ofisini ni kama mita 70, na hilo si tatizo, kwa kuwa waya wa namna hii unaruhusiwa kufika mita 100. Tatizo lilikuwa kwamba, kwa kutafuta njia fupi, tulikuwa tumeufunga kwa vibano vya plastiki kwenye reli ile ile ya chuma inayobeba nyaya nene za mota za feni za boila, bega kwa bega, kwa zaidi ya nusu ya safari. Jumapili feni zimesimama, waya unapumua. Jumatano feni zinazunguka, waya unasikia kelele tupu.

Mtu atauliza: vifurushi 7 katika 100 ni vingapi, mbona 93 vilifika? Jibu ni kwamba kila kilichopotea lazima kitumwe tena, na vilivyo nyuma yake vingoje. Tena kompyuta inapoona kifurushi hakikuitikiwa haijui kwamba waya ni mbovu. Inadhani barabara imejaa, na kwa heshima inapunguza mwendo wake yenyewe. Inapunguza tena na tena, na wakati huo kamera inaendelea kuleta fremu 30 kwa sekunde. Foleni inajaa, utupaji unaanza. Ndiyo maana intaneti kubwa tuliyoilipia haikutusaidia chochote. Tulipanua barabara kuu, na tuta lilikuwa mlangoni kwetu.

Tena dalili ilikuwa mbele ya macho siku zote. Kompyuta huonyesha kasi ya waya uliounganishwa nao. Yetu ilionyesha megabiti 100 kwa sekunde, ingawa kompyuta na ruta zote mbili zina uwezo wa 1000. Tuliiona namba hiyo tukasema inatosha, kwa sababu mkutano hauhitaji hata 5. Ni kweli kwamba inatosha. Lakini kasi ya 1000 inahitaji jozi zote nne ziwe safi, na mashine zinaposhindwa kuelewana kwa 1000 hushuka hadi 100 bila kelele. Mashine zilikuwa zimekwisha kutuambia kwamba waya unaumwa.

Matengenezo yenyewe yalikuwa madogo hata yanatia aibu. Tulikata vichwa viwili, tukabania vipya kwa mpango ulio sahihi. Tukautoa waya kwenye reli ya umeme, tukaupitisha chini ya dari upande wa pili, na pale inapobidi ukutane na nyaya za umeme tuliuvusha kwa kuzikata kama alama ya kujumlisha, badala ya kwenda nazo sambamba. Namba ikapanda hadi 1000. Mashine zote zikiwa zinazunguka tulibisha hodi mara elfu moja, zikarudi elfu moja. Tukarusha kwa saa mbili, hesabu ya tatu ikabaki sifuri. Gharama ilikuwa vichwa viwili vya plastiki na vibano vipya. Gharama ya intaneti kubwa ambayo hatukuihitaji imesomwa mbele ya wanachama, na mwezi uliofuata tulirudi kwenye ile ya zamani.

Si kila tawi litakuta kosa letu. Jirani zetu wa kiwanda kingine waya wao ulikuwa mzima kabisa. Wajumbe waliokuwa ukumbini ndio walioijaza njia, kwa kutumiana picha za mkutano kwa simu kupitia ruta ile ile. Siku ya mkutano intaneti ya ruta iachiwe kompyuta ya kurushia peke yake, na kompyuta za ofisi zizimwe, maana nyingine hujituma nakala za mafaili bila kumwambia mtu. Pima pia kasi ya kupandisha, wala si ya kushusha, kwa sababu kampuni hutangaza ile ya kushusha ambayo kwa kawaida ndiyo kubwa. Mwendo wa kurusha usizidi kama robo tatu ya kasi ya kupandisha. Kwa picha ya kawaida ya mkutano sisi huweka kilobiti 2500 kwa sekunde na fremu 30, na sura za watu zinatambulika vizuri. Kwa mwendo huo saa moja hula karibu gigabaiti 1.2, na kila anayetazama kwa ubora huo huo hulipia kiasi hicho pia. Kwa hiyo kambi moja itazame ukutani kwa simu moja, watu wasitazame kila mtu na yake. Katika programu kuna mahali pa kuruhusu mwendo ushuke wenyewe njia inapobanwa. Paruhusiwe. Picha yenye ukungu ni afadhali kuliko iliyoganda.

Wanaonunua waya wajihadhari na ule wa bei nafuu ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Ukikwaruzwa kwa kisu rangi nyekundu hutoka na nyeupe huonekana. Hukatika upesi kwenye kichwa. Na anayetaka kuvusha waya kutoka jengo moja hadi jingine angani, katika nchi yetu hii ya radi, tunamshauri atafute waya wa nyuzi za kioo, ambao haupitishi umeme wala hausikii kelele za mota.

Hata hivyo waya mzuri haukutupatia tena imani ya kambi. Hilo tulilifanya kwa miguu na bodaboda. Tulikwenda kambi zote tatu na nakala za mkataba, tukausoma kifungu kwa kifungu, tukawaonyesha video nzima, ambayo kwa bahati programu ilikuwa inaihifadhi ndani ya kompyuta huku inairusha. Kama tusingekuwa na video ile sijui tungewaambia nini. Katika kambi ya pili mama mmoja aliyekata miwa tangu kabla sisi hatujaajiriwa alitazama mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia nane. Lakini mbona mlingoja siku tisa?" Hatukuwa na jibu zuri, nasi hatukujaribu kulitunga.

Tangu hapo halmashauri imekata shauri kwamba hakuna tarakimu ya mshahara itakayotangazwa kwanza kwa intaneti. Karatasi iliyopigwa muhuri inafika kambini kabla ya mkutano kuanza, mkononi mwa mjumbe wa kambi. Msemaji akitaja tarakimu anaitaja mara mbili, kisha anangoja. Katika kila kambi yuko mtu mmoja mwenye simu ya kawaida anayezungumza na mtu aliyekaa kando ya kompyuta bwaloni, na mkutano hauendelei mpaka kambi tatu zimejibu kwamba zimesikia.

Mwanachama mmoja kati ya wale wawili amechukua kadi yake. Jaribio la waya hufanywa siku tatu kabla ya kila mkutano, saa nne asubuhi, mashine zikiwa zote zinazunguka, na karani wa mizani ndiye anayetia sahihi katika kitabu.